Mwongozo Kamili wa Kuchagua Bastola ya Bei Nafuu kwa Kubeba na kwa Kulenga Shabaha

Mtu anayetaka bastola moja tu, ya bei anayoimudu, aibebe mwilini kwa kujilinda na pia aitumie uwanjani kulenga shabaha, anatafuta chombo cha kutumikia mahitaji mawili yanayovutana. Bastola ya kubeba inatakiwa iwe fupi, nyembamba na nyepesi, ili mwenyewe asishawishike kuiacha nyumbani. Ya kulenga shabaha inatakiwa iwe ndefu, nzito kiasi na yenye kifyatulio laini, ili itulie mkononi. Hakuna inayotimiza yote mawili kwa ukamilifu, na muuzaji anayekuambia ipo anataka kuuza.

Msimamo wangu, ambao nitautetea hatua kwa hatua, ni kwamba mnunuzi mwenye fedha chache asianze na bastola ndogo kabisa wala ile ya bei ya chini kabisa. Atafute bastola ya ukubwa wa kati, inayotumia risasi inayopatikana kwa urahisi, hata ikiwa imeshatumika, na fedha zinazobaki azipeleke kwenye risasi na mafunzo.

Hatua ya kwanza: ijue sheria kabla ya kutazama bastola yoyote

Sheria ndiyo inayoamua nusu ya uchaguzi wako. Kuna nchi ambako raia anaruhusiwa kumiliki bastola kwa michezo lakini haruhusiwi kuibeba, nchi ambako kibali cha kubeba ni leseni nyingine kabisa yenye masharti yake, na nchi ambako bastola nyingi zimepigwa marufuku, kama ilivyo katika Uingereza tangu mwaka 1997. Kanada ilisitisha uuzaji na uhamishaji wa bastola kwa raia walio wengi mwezi Oktoba 2022. Mahali pengine sheria inagusa hata aina ya risasi: nchini Italia, kwa miongo mingi raia hawakuruhusiwa bastola za nusu-otomatiki, yaani zinazojipakia risasi inayofuata kila unapofyatua, za milimita 9x19 kwa kuwa risasi hiyo ilihesabiwa kuwa ya kijeshi, na ndiyo sababu risasi ya 9x21 ilienea sana huko.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi, kwa mamlaka inayotoa leseni, mambo haya: aina za risasi zinazoruhusiwa, urefu wa chini wa mtutu, idadi ya juu ya risasi katika magazini (kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini), masharti ya kuhifadhi nyumbani, masharti ya kusafirisha hadi uwanjani, na kama kubeba kunaruhusiwa, mahali ambapo ni marufuku kuingia nayo. Kama jibu la mwisho ni kwamba huruhusiwi kubeba, basi mzigo wa kutafuta bastola ndogo umekuondokea. Nunua ya kulenga shabaha na uruke sehemu za kubeba katika mwongozo huu.

Hatua ya pili: piga hesabu ya gharama yote

Bei iliyoandikwa kwenye kabati la duka ni sehemu tu ya gharama. Utahitaji mfuko imara wa bastola na mkanda unaoweza kuubeba, magazini za ziada zisizopungua mbili, sanduku la chuma lenye kufuli, vizuia sauti vya masikio, miwani ya kinga, vifaa vya kusafishia, ada ya leseni, ada ya uwanja, na kozi angalau moja ya mkufunzi aliyeidhinishwa. Juu ya hayo kuna risasi, na risasi ndiyo gharama isiyokoma. Mtu anayefyatua risasi 100 kila mwezi atakuwa ametumia 1,200 kwa mwaka, na kwa bastola ya bei nafuu thamani ya risasi hizo huweza kuikaribia au kuipita bei ya bastola yenyewe katika muda mfupi kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani.

Ushauri wangu ni kuigawa bajeti katikati: nusu iende kwenye bastola, nusu ibaki kwa vingine vyote. Ukiona nusu ya kwanza haitoshi kununua chombo cha kuaminika, ni afadhali kusubiri kuliko kuchota kwenye nusu ya pili, kwa sababu bastola isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani.

Hatua ya tatu: chagua risasi kwanza, bastola baadaye

Kwa mtu anayetaka kubeba na kulenga shabaha kwa gharama ndogo, risasi ya kuanzia ni 9x19, iliyobuniwa na Georg Luger na kutoka mwaka 1902. Ni risasi ya kawaida ya bastola katika majeshi ya NATO na katika polisi wa nchi nyingi, na wingi huo wa matumizi ndio unaoshusha bei yake na kuifanya ipatikane hata pale ambapo aina nyingine zimeadimika. Vichwa vyake vya kawaida vina uzito wa takriban gramu 7.5, gramu 8 au gramu 9.5, na teke lake, yaani msukumo wa nyuma unaoupata mkono, linavumilika kwa watu wazima wengi walio na afya njema.

Wapo watakaokuhimiza ununue .40 S&W au .45 ACP kwa sababu ni kubwa zaidi. Ni risasi nzuri, lakini ni ghali zaidi, hupiga teke kali zaidi, na magazini ya ukubwa uleule huchukua chache. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ambalo lilikuwa likitumia .40, lilirudi kwenye milimita 9 katika muongo wa 2010, sababu mojawapo ikiwa kwamba vichwa vya kisasa vya 9x19 vinafanya kazi inayotakiwa na wafyatuaji wengi huipiga kwa haraka na usahihi zaidi. Mnunuzi wa kawaida hana sababu ya kulipa zaidi ili apige vibaya zaidi.

Risasi ya .380, ambayo pia huitwa 9x17, ilitoka mwaka 1908 na inapendwa katika bastola ndogo. Hapa pana jambo linalowashangaza wanunuzi wapya. Risasi hiyo ni dhaifu kuliko 9x19, hivyo mtu hutegemea teke lililo laini, lakini bastola nyingi za .380 za muundo wa zamani hazina mtutu unaojifunga na slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, wakati wa kufyatua, bali hutegemea uzito wa slaidi na springi ngumu peke yake kuzuia msukumo. Matokeo yake ni slaidi ngumu kuvuta na teke la ghafla linalochoma kiganja, wakati bastola ya 9x19 yenye mtutu wa kujifunga husukuma taratibu zaidi. Mtu mwenye mikono dhaifu asidhani kwamba .380 ni jibu lake bila kuijaribu. Wapo watengenezaji waliotoa bastola za .380 zenye mtutu wa kujifunga, na hizo ni laini kweli.

Kwa kulenga shabaha peke yake, hakuna kinachoishinda .22 LR kwa bei. Ilitoka mwaka 1887, teke lake ni dogo mno, na ndiyo inayotumika katika mashindano ya bastola ya mita 25 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha. Udhaifu wake kwa kujilinda ni wa aina mbili: nguvu yake ni ndogo, na kemikali yake ya kuwashia baruti imewekwa ndani ya ukingo wa ganda badala ya kwenye fataki iliyo katikati, hivyo risasi isiyolipuka hutokea mara nyingi zaidi. Naiona kuwa mwalimu bora na mlinzi wa kutumiwa pale tu ambapo mwili wa mtu haumruhusu kitu kingine.

Anayependa rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, atafute .38 Special, risasi iliyotoka mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo bado inatengenezwa na viwanda vingi. Risasi zake za shabaha zenye kichwa bapa ni tulivu na sahihi sana, ingawa kwa kawaida bei yake iko juu ya 9x19.

Hatua ya nne: nusu-otomatiki au rivolva

Bastola ya nusu-otomatiki ya kisasa hubeba risasi nyingi, ni nyembamba, hujazwa haraka, na kifyatulio chake, katika zile zisizo na nyundo ya nje, huvutwa kwa nguvu ileile kila mara, mara nyingi kati ya kilo 2 na kilo 3. Rivolva haihitaji kuvuta slaidi, haina magazini ya kuharibika, na ikishindwa kulipua risasi moja, kuvuta kifyatulio tena kunaleta inayofuata. Lakini kifyatulio chake, kinapovutwa bila nyundo kurudishwa kwa kidole gumba, ni kirefu na hudai nguvu ya kilo 4 hadi 6, na kukimudu bila kutikisa mtutu ni kazi ya miezi mingi. Rivolva ndogo nyepesi ya risasi 5 huuzwa mara nyingi kwa wanaoanza kwa madai kwamba ni rahisi. Ni rahisi kuielewa, lakini kuipiga vizuri ni kugumu kuliko bastola yoyote niliyoitaja hapa, kwa kuwa mtutu wake ni mfupi, vilengeo vyake ni vidogo na teke lake ni kali.

Ziko pia nusu-otomatiki zenye nyundo, ambazo risasi ya kwanza huhitaji mvuto mrefu mzito na zinazofuata mvuto mfupi mwepesi. CZ 75, iliyotoka mwaka 1975, ni mfano maarufu wa muundo huo, na kwa kulenga shabaha inastahili sifa inayopewa, kwa sababu uzito wake wa chuma humeza teke. Kwa mwanafunzi mwenye risasi chache za mazoezi, hata hivyo, kujifunza mvuto mmoja ni nafuu kuliko kujifunza miwili.

Hatua ya tano: ukubwa, na kile ambacho ufupi unagharimu

Hapa ndipo mvutano niliouanza nao unapoonekana kwa hesabu. Juu ya slaidi kuna vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, na umbali kati yao ndio unaoamua jinsi kosa dogo la jicho linavyokua likifika kwenye shabaha. Chukua bastola ya ukubwa wa kati ambayo umbali huo ni takriban milimita 150. Kilengeo cha mbele kikiyumba kwa milimita 1 tu, risasi itapotea kwa takriban sentimita 7 ikiwa shabaha iko mita 10, na takriban sentimita 17 kwa mita 25. Chukua sasa bastola ndogo ambayo umbali huo ni milimita 120: kosa lilelile la milimita 1 linakuwa sentimita 8 kwa mita 10, na sentimita 21 kwa mita 25. Tofauti kwa mita 10 ni ndogo, na ndiyo maana bastola ndogo inatosha kwa kujilinda, ambako umbali huwa wa hatua chache. Kwa mita 25 tofauti hiyo inakuvunja moyo, hasa ukiongeza kwamba bastola nyepesi inatikisika zaidi wakati kidole kinavuta.

Familia moja ya bastola inaonyesha ngazi za ukubwa kwa uwazi. Glock 17 ya mwaka 1982 ina mtutu wa milimita 114, Glock 19 ina milimita 102, na Glock 26 ina milimita 87. Ya kwanza ni tulivu uwanjani lakini mpini wake mrefu hujitokeza chini ya shati, kwa maana kinachofichua bastola mara nyingi ni mpini na si mtutu. Ya tatu inafichika, lakini kidole cha mwisho hukosa mahali pa kushika. Ya katikati ndiyo ukubwa ninaoupendekeza kwa anayetaka moja kwa kazi mbili, iwe ya kampuni hiyo au nyingine: mtutu wa karibu milimita 100, uzito wa takriban gramu 600 hadi 700 bila risasi, mpini wa kutosha vidole vitatu. SIG Sauer ilipotoa P365 mwaka 2018, yenye mtutu wa milimita 79 na magazini ya risasi 10, ilithibitisha kwamba bastola ndogo sana inaweza kubeba risasi nyingi, na wengine wakaiga. Mtu ambaye mavazi ya kazi yake hayaruhusu kitu kikubwa zaidi atafanya vyema kuitazama jamii hiyo, mradi akubali kwamba uwanjani atachoka mapema.

Kama moyo wako uko kwenye mashindano ya Olimpiki, bastola ya kubeba haitakusaidia. Huko kuna bastola ya upepo ya milimita 4.5 kwa mita 10 na ya .22 kwa mita 25, kila moja ikiwa chombo maalumu. Lakini mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo lililoundwa mwaka 1976, yana daraja la bastola za kawaida za kiwandani, na 9x19 ya ukubwa wa kati inaweza kuingia humo bila aibu.

Hatua ya sita: ipime mkononi mwako

Kabla ya kugusa bastola yoyote, dukani au kwa rafiki, kumbuka kanuni nne zilizoenezwa na mkufunzi Mmarekani Jeff Cooper: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha, na ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mwombe muuzaji atoe magazini, afungue slaidi na aiache wazi. Tazama ndani ya chemba, nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo kuthibitisha. Fanya hivyo hata kama yeye amekwisha kufanya mbele ya macho yako.

Sasa shika mpini juu kadiri unavyoweza, ili mwanya kati ya gumba na kidole cha shahada ukae chini kabisa ya mkia wa slaidi, na nyuma ya bastola iwe kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Ukiwa katika mshiko huo, elekeza mtutu mahali salama na ufikishe kidole kwenye kifyatulio. Kinachotakiwa kukigusa ni sehemu ya mbele ya kidole, katikati ya ncha na kiungo cha kwanza. Ukilazimika kuuzungusha mpini mkononi ili kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako. Kidole kikipita hadi kwenye kiungo, ni ndogo, na risasi zako zitaelekea pembeni. Bastola nyingi za siku hizi huja na vipande vya nyuma vya mpini vinavyobadilishwa, kwa hiyo omba kujaribu vyote kabla ya kukata tamaa.

Halafu vuta slaidi mara kumi mfululizo. Ikikushinda mara ya nane, haitakubali mwishoni mwa siku ya mazoezi wala mikono ikiwa na jasho. Kwa wenye mikono isiyo na nguvu, ziko bastola zilizoundwa makusudi na springi nyepesi, kama Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ. Anayetumia mkono wa kushoto ahakikishe kitufe cha magazini kinaweza kuhamishwa na kwamba kishikio cha slaidi anakifikia.

Hatua ya saba: orodha fupi ya zinazostahili kutazamwa

Katika mpya za bei nafuu za 9x19, Taurus ya Brazili ina G3 na G3c, Canik ya Uturuki ina familia ya TP9 inayosifiwa kwa vifyatulio vyake, na Ruger ya Marekani ina Security-9. Kwa maoni yangu Canik ndiyo inayokaribia zaidi mahitaji ya uwanjani kwa fedha inayodaiwa, ingawa baadhi ya matoleo yake ni makubwa kwa kubeba. Hatua moja juu kwa bei kuna CZ P-10 C na Glock 19.

Lakini mahali ambapo fedha chache hufika mbali ni kwenye bastola zilizotumika, hasa zile zilizorudishwa na idara za polisi zinapobadilisha silaha. Bastola ya polisi hubebwa kila siku na kufyatuliwa mara chache, hivyo rangi ya nje huwa imechubuka na mashine ya ndani ikiwa bado nzima. Mchubuko huo ndio unaoshusha bei, na risasi haiujali. Upande wa rivolva, Smith & Wesson Model 10, ambayo ukoo wake unaanzia mwaka 1899, bado inapatikana katika masoko mengi.

Kwa .22, Ruger Mark IV na Browning Buck Mark ni bastola ambazo mtu anaweza kuanza nazo na kuzeeka nazo. Mark IV, iliyotoka mwaka 2016, ilimaliza tatizo la kufungua la zilizoitangulia, kwani sasa hufunguka kwa kitufe kimoja. Njia nyingine ya kubana matumizi ni slaidi na mtutu wa .22 vinavyowekwa juu ya bastola yako ya 9x19. CZ imewahi kutengeneza vya CZ 75, na wapo wanaotengeneza vya Glock. Kwa njia hiyo mpini na kifyatulio vinabaki vilevile, na gharama ya risasi inashuka sana. Ulizia kwanza kama sheria yenu inahesabu seti hiyo kuwa silaha ya pili.

Hatua ya nane: kukagua bastola iliyotumika

Anza na namba ya usajili. Ikiwa imekwanguliwa, imegongwa upya au hailingani na karatasi, rudisha bastola mezani na uondoke. Kisha thibitisha kwamba haina risasi, ifungue, na utazame ndani ya mtutu kwa mwanga unaotoka upande wa chemba. Mifereji inayoizungusha risasi inatakiwa ionekane kwa uwazi. Ukiona pete nyeusi inayozunguka mtutu mahali pamoja, hapo pamevimba, pengine kwa sababu risasi ilikwama na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake, na mtutu huo haufai. Pitisha kidole nje ya mtutu uone kama kuna uvimbe. Tazama njia za slaidi, kona za fremu na eneo la tundu la kutolea maganda kama kuna nyufa. Kagua midomo ya magazini, kwa sababu midomo iliyopinda ndiyo chanzo cha kukwama kwingi kunakolaumiwa bastola yenyewe.

Rivolva ina vipimo vyake. Rudisha nyundo taratibu kwa kila tundu la silinda, na uhakikishe silinda imejifunga kabla nyundo haijashika. Ikibaki nyuma, meno yamelika. Nyundo ikiwa imerudishwa, isukume kwa gumba kutoka nyuma bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, ni hatari na haifai kununuliwa. Isukume silinda mbele na nyuma uone kama ina mchezo mkubwa, na pima mwanya kati yake na mtutu, ambao kwa kawaida ni milimita 0.1 hadi 0.2.

Ikatae bastola ambayo mwenye nayo amejipunguzia uzito wa kifyatulio kwa tupa na springi za kununua, hasa kama unataka kuibeba. Uliza pia kama modeli hiyo ina kizuizi cha ndani kinachozuia pini kugonga risasi bastola ikianguka. Rivolva za zamani ambazo nyundo lazima irudishwe kwa gumba kabla ya kila risasi hazikuwa nacho, na watu walizibeba na tundu tupu chini ya nyundo kwa sababu hiyo. Ruger ilibadilisha muundo wake mwaka 1973 kwa kuweka kipande kinachopitisha pigo la nyundo pale tu kifyatulio kinapovutwa.

Hatua ya tisa: ifyatue kabla ya kuiamini

Viwanja vingi hukodisha bastola, na ada ya kukodi mbili au tatu ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara ya kununua isiyokufaa. Weka karatasi mita 7, fyatua risasi tano polepole, pumzika, rudia mara tatu. Usihangaike na mahali zilipoangukia, maana vilengeo vingi hurekebishika. Tazama zilivyokusanyika. Bastola inayokupa mkusanyiko mdogo na usiyoiogopa ifikapo risasi ya mwisho ndiyo yako, hata kama nyingine ni maarufu zaidi.

Ukishainunua, kabla ya kuibeba, ipitishe risasi 200 za mazoezi na 50 za aina utakayobeba, kwa magazini zako zote. Ikikwama, andika ni magazini ipi na risasi ipi, ili ujue cha kubadilisha. Ikiendelea kukwama baada ya kusafishwa na kubadilishwa magazini, irudishe kwa fundi wa silaha. Kwa risasi za kubeba, pale sheria inaporuhusu, chagua zenye kichwa kinachopanuka, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa risasi kupita mwilini na kumdhuru aliye nyuma. Ziko nchi zilizozikataza kwa raia.

Hatua ya kumi: mfuko, hifadhi na mazoezi

Mfuko wa bastola si mahali pa kubana senti. Unatakiwa ufunike eneo lote la kifyatulio kwa kitu kigumu kisichobonyea, uishike bastola isidondoke ukikimbia, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Mifuko laini ya kitambaa inayoingia kila bastola iache dukani. Ajali nyingi za kubeba hutokea wakati wa kuirudisha, kamba ya koti au ukingo wa shati unapoingia kwenye kifyatulio, kwa hiyo irudishe polepole ukiangalia, kidole kikiwa kimenyooka pembeni mwa slaidi. Usiibebe mfukoni pamoja na funguo wala kwenye mkoba usio na sehemu yake.

Nyumbani, bastola isiyo mwilini mwako iwe ndani ya chuma kilichofungwa, na ufunguo usiwe mahali ambapo mtoto anaweza kuufikia. Ikiwa katika nyumba yuko mtu anayepitia huzuni nzito au anayetaja kujidhuru, wewe mwenyewe ukiwemo, itoe bastola nyumbani kwa njia inayoruhusiwa kisheria mpaka hali ibadilike. Silaha iliyo karibu haimpi mtu nafasi ya kughairi saa ya kukata tamaa, na sifahamu tahadhari nyingine yenye uzito kuliko hii.

Mazoezi ya gharama ndogo kuliko yote ni ya kufyatua bila risasi: risasi zote zikiwa chumba kingine, chemba imekaguliwa mara mbili, mtutu ukielekea ukuta usiopenyeka, vuta kifyatulio huku ukikitazama kilengeo cha mbele kisitikisike. Dakika kumi kwa siku hujenga kidole kuliko sanduku la risasi lililomalizwa kwa haraka. Soma kwanza kitabu cha maelekezo, kwa sababu katika baadhi ya bastola za .22 pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu ikikosa ganda la kuizuia. Risasi bandia za mazoezi huondoa tatizo hilo.

Uwanjani, vaa kinga ya masikio kila mara, hata kwa .22, maana mlio wa bastola za kawaida hupita desibeli 150 na usikivu ukipotea haurudi. Risasi na fataki nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu: nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Safisha bastola baada ya kila kikao, paka mafuta kidogo kwenye njia za slaidi, na uandike kwenye daftari idadi ya risasi zilizopita, kwa sababu springi ya slaidi huchoka na mtengenezaji hutaja baada ya risasi ngapi inatakiwa kubadilishwa. Springi hiyo ni kipande cha bei ndogo, na katika bastola fupi huchoka mapema zaidi.